Pampu Imekufa Baharini, na Pesa Zilikuwa za Nyumba ya Mama

Shikamoo Mjomba,

Ninakuandikia kutoka Aberdeen, saa nane usiku, nimetoka shifti na nguo za kazi sijazivua. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa tisa huku. Nimeolewa, nina watoto wawili.

Baba alipofariki tulibaki ndugu wanne na mama. Kipo kiwanja cha familia Mtwapa. Baada ya arobaini tulikaa tukakubaliana tumjengee mama vyumba viwili vyake, na nyuma yake vitatu vya kupangisha, ili apate chake kila mwezi asisubiri mkono wa mtu. Kaka Salim yuko Mombasa, yeye ndiye wa kusimamia fundi. Dada yangu yuko Muscat, mdogo wetu wa mwisho yuko Leicester. Mimi nikafanywa mweka hazina. Kufikia Septemba mwaka jana nilikuwa nimekusanya pauni 11,400, na fundi ameahidi kuanza Agosti hii, masika yakishakauka.

Wodini nina mwenzangu ambaye mumewe hufanya kazi baharini, wiki tatu huko, wiki tatu nyumbani. Huu mji ni wa mafuta, Mjomba. Ndani ya basi watu wanazungumza visima kama kwetu wanavyozungumza bei ya unga. Huyo bwana akatuambia kuna kampuni ndogo yenye uwanja mmoja tu baharini, visima vitatu vinavyopandisha mafuta kwenye meli iliyotia nanga juu yake, na kwamba mafuta yaliyomo ni ya miaka mingi. Nikaona pesa zimelala benki bure. Oktoba nikanunua hisa 12,000 kwa peni 41. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Novemba pampu ya kisima cha kwanza ikafa. Bei ikashuka hadi peni 30. Nikaona ni nafasi, Desemba nikaongeza hisa 13,600. Machi ikafa pampu ya kisima cha pili. Aprili kompresa ya gesi kwenye meli ikazimika siku 11, na kampuni ikashusha makadirio ya uzalishaji wa mwaka kwa mara ya pili. Walisema pia maji yameongezeka kidogo kwenye kisima cha tatu, lakini wanaojua kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema hilo ni la kawaida. Sasa bei ni peni 14. Kampuni inasema inatarajia kupata chombo cha kwenda kubadilisha pampu katika robo ya tatu ya mwaka. Wana hatifungani, yaani deni la kampuni kwa waliowakopesha, inayoiva Machi mwakani.

Nilitoa pauni 9,000. Leo nina kama 3,584. Katika akaunti zimebaki 2,400, na kila nikifungua simu natamani nizitie nazo, bei iko chini sana.

Salim hupiga kila Ijumaa baada ya swala. Ananiuliza fundi atumiwe kianzio lini. Namwambia benki ya huku ina taratibu zake. Mama yuko chumba kimoja Kisauni, ana pumu, na jirani anapikia makaa mlangoni pake.

Nina maswali matatu. Hizi pampu kuharibika ni jambo la kupita? Niuze au nishikilie? Na niwaambie ndugu zangu sasa, au ningoje bei irudi ndipo nirudishe pesa kimya kimya pasiwe na kelele?

Mpwa wako niliyekonda,
Aberdeen

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu aliyekaa miaka kwenye bima za meli pale Kilindini, mara ya pili kama mtoto wa mama fulani. Nikianza na mama utadhani nakukwepa kwenye swali la pampu, basi naanza na pampu. Lakini ujue mapema: mimi si wakala wa hisa na leseni ya huko Uingereza sina. Nasema kama mjomba.

Kisima cha baharini kikiwa kipya husukumwa na shinikizo lake chenyewe. Shinikizo likipungua, au mafuta yakiwa mazito, huteremshwa pampu ya umeme ndani ya kisima, chini kabisa, na waya wake. Huko inakaa kwenye joto, mchanga, gesi na chumvi inayoganda kama ile ya kwenye birika la chai. Haikutengenezwa kuishi milele, maisha yake huhesabiwa kwa miaka michache. Kwa hiyo ukiniuliza kama pampu moja kufa ni ajabu, nakwambia si ajabu hata kidogo. Hata msimamizi wa serikali wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini, NSTA, lengo aliloliweka kwa waendeshaji ni kuzalisha asilimia 80 ya uwezo wa mitambo yao. Asilimia 20 nyingine kila mtu anajua itapotea kwenye matengenezo na kukatika kwa hili na lile.

Kinachouma ni kungoja. Kwenye kisima cha nchi kavu huja lori lenye winchi, pampu ikavutwa juu kwa siku chache. Baharini unahitaji rigi, ule mtambo wa kuchimbia visima, au chombo maalumu, na vyombo hivyo havikai bandarini vikikungoja wewe. Vimekodiwa na wakubwa, wewe mdogo unapewa nafasi kati ya kazi mbili za watu wengine. Kisha kuna bahari yenyewe. Wewe uko Aberdeen, unaijua Bahari ya Kaskazini ya Desemba. Pampu iliyokufa Novemba hakuna anayeigusa mpaka bahari itulie.

Tufanye hesabu ya mfano, si ya kampuni yako. Kisima kinachotoa mapipa 4,000 kwa siku kikilala siku 150, ni mapipa 600,000 hayajauzwa. Kwa dola 70 pipa, hizo ni dola milioni 42. Na siku zote hizo 150 kodi ya meli inaendelea, helikopta zinaruka, wafanyakazi wanalipwa, kama daladala iliyokufa injini ambayo mwenyewe anaendelea kulipa mkopo wake, kondakta wake na maegesho yake.

Watu wa kundi lako watakujibu kwamba mafuta hayajaenda popote, yamo chini yakisubiri. Wanasema kweli. Ila mdai wa hatifungani hatalipwa kwa mafuta yaliyoko chini.

Sasa, mitambo ikifeli kuna swali moja ambalo mimi huliuliza kabla ya yote: kilichoharibika kiko juu au kiko chini? Juu ni meli, kompresa, pampu, beringi, waya, vitu vya fundi. Chini ni mwamba wenyewe. Cha juu hutengenezwa, kwa pesa na kwa muda. Cha chini hakina spea.

Nikupe mfano wa cha juu ambao hata sisi wa pwani ya Kenya unatugusa. Kuna uwanja wa Jubilee, baharini Ghana, kama kilomita 60 kutoka nchi kavu, uliogunduliwa mwaka 2007 na kuanza kutoa mafuta mwishoni mwa 2010. Mwendeshaji wake ni kampuni ya Tullow, ndio hao hao waliogundua mafuta kwetu Turkana, kisima cha Ngamia-1, mwaka 2012. Meli yao ya pale Jubilee inaitwa Kwame Nkrumah. Ilifungwa nanga puani kupitia kiungo kikubwa cha duara, ili izunguke na upepo kama jogoo wa juu ya paa. Februari 2016 ikabainika beringi ya kile kiungo ina kasoro, meli haizunguki kama inavyotakiwa. Ikabidi tagi, zile meli ndogo za kuvuta, ziishike isigeuke, na utaratibu wa kupakua mafuta ubadilishwe wote. Uzalishaji wa uwanja uliokuwa wastani wa mapipa zaidi ya 100,000 kwa siku mwaka 2015 ukawa karibu 74,000 mwaka 2016. Suluhisho lao lilikuwa kuacha kuizungusha: wakaifunga nanga pande zote ikae imetazama upande mmoja. Kazi hiyo ilichukua miaka, si miezi. Lakini mwamba ulikuwa mzuri, na kampuni ilikuwa na bima, si ya chombo tu bali hata ya mapato yanayopotea uzalishaji ukisimama. Hiyo ya pili ndiyo wengi wasiyoiuliza. Miaka yangu ya bima nilikutana na wenye vyombo walioweka bima ya bati wakasahau bima ya tonge.

Kwa hiyo beringi peke yake haikuwazamisha. Shughuli ilikuja baadaye. Tarehe 9 Desemba 2019 kampuni ilitangaza kwamba mwaka unaofuata itazalisha mapipa 70,000 hadi 80,000 tu kwa siku, gawio limesimamishwa, na mkurugenzi mkuu, Paul McDade, anaondoka. Hisa zikapoteza zaidi ya asilimia 70 siku ile ile moja. Asubuhi mtu ana shilingi mia, jioni hana hata thelathini. Meli ilikuwepo, visima vilikuwepo, mafuta yalikuwa yanatoka. Kilichokuwa kimeharibika ni mchanganyiko: mitambo ya juu isiyomudu gesi na maji ya kusukumia mafuta, maji yaliyozidi kwenye baadhi ya visima, na makadirio yaliyoshushwa tena wakati deni ni karibu dola bilioni 2.8. Mwaka uliofuata wakauza sehemu yao yote ya Uganda kwa Total, dola milioni 575. Na mali yao ya Kenya, yale mafuta tuliyoyaona yakishushwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Changamwe, shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019 kwa sherehe na tarumbeta, nayo wameiuza mwaka 2025 kwa Gulf Energy, kwa dola zisizopungua milioni 120. Kampuni yenye deni ikikosa mapipa huanza kuuza vyombo vya ndani.

Mfano wa cha chini uko karibu na wewe zaidi. Magharibi ya Shetland kuna uwanja unaoitwa Lancaster. Kampuni ya Hurricane Energy ilianza kutoa mafuta pale Juni 2019, kutoka kwenye nyufa za mwamba mgumu wa chini kabisa, jambo ambalo huko Uingereza lilikuwa geni. Watu wakazipenda hisa zile kama mashabiki wanavyoipenda timu. Kisha maji yakaanza kuja mapema kuliko walivyotarajia. Mwaka mmoja baadaye mkurugenzi mkuu akajiuzulu, na makadirio ya mafuta yanayoweza kutolewa yakashushwa, yakashushwa tena. Wakabaki wanazalisha kwa kisima kimoja na pampu yake. Wakati huo wana hatifungani ya dola milioni 230 inayoiva Julai 2022. Bodi ikapeleka mahakamani mpango wa kuwapa wenye hatifungani asilimia 95 ya kampuni, wenye hisa wabaki na 5. Juni 2021 jaji wa London akaukataa. Kisha bei ya mafuta duniani ikapanda, kampuni ikauza mapipa yake kwa bei nzuri, na deni likalipwa lilipoiva.

Nina hakika mtu wa WhatsApp ameshawapigia mfano huo kuwa ndiyo sababu ya kushikilia. Mwambie amalizie hadithi. Kampuni iliuzwa mwaka 2023, na aliyekuwa amenunua kileleni mwaka 2019 hakurudishiwa pesa yake. Aliokolewa na jaji na bei ya dunia asipoteze chote, basi. Ufundi haukumuokoa, maana palikuwa hapana cha kufunga spana.

Turudi kwako. Katika barua yako pampu mbili zimepewa aya nzima, kompresa imepewa sentensi, na yale maji ya kisima cha tatu umeyataja kama mtu anayetaja kwamba jana palinyesha. Mimi niliposoma hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Visima vilikuwa vitatu, viwili vimelala. Kinacholipa kodi ya meli sasa ni hicho cha tatu peke yake, na ndicho kinachoingia maji. Kweli, maji kuongezeka ni kawaida ya kisima kinachozeeka. Pia ni kawaida ya kisima kinachovutwa kwa nguvu kwa sababu wenzake hawafanyi kazi. Lipi kati ya hayo mawili, tangazo lenyewe ndilo la kusema, si mtu wa kundini mwenye picha ya simba.

Katafute tangazo la Aprili ulisome mwenyewe, na yote yanayokuja. Huko London matangazo ya kampuni hutoka saa moja asubuhi, soko linafunguliwa saa mbili. Una saa nzima ya kusoma kabla ya kundi kuanza kupiga ngoma. Usisome aya ya kwanza, hiyo imeandikwa na watu wa kusifu. Nenda mpaka wanapotaja maji ni asilimia ngapi ya kinachopandishwa, na linganisha na tangazo la nyuma yake. Angalia chombo cha kubadilisha pampu kama kimetajwa jina na tarehe, au bado "tunatarajia". Mkataba uliotiwa saini una jina la chombo. Matarajio hayana jina. Angalia pampu za akiba zimeshanunuliwa au zinaagizwa sasa. Na zaidi ya yote soma wanavyozungumzia ile Machi. Robo ya tatu inaisha Septemba. Wakichelewa kidogo tu wanaingia tena msimu wa mawimbi, na Machi inawakuta na kisima kimoja. Kampuni iliyobanwa hivyo hufanya moja kati ya mawili: inaongea na wadai wake, au inachapisha hisa mpya kwa bei ya kutupa na kuziuza. Likifanyika la pili, hisa zako 25,600 zitabaki 25,600, lakini kipande chako cha mkate kitakuwa chembamba, hata pampu zikirudi zote.

Mume wa mwenzako usimlaumu. Anaijua meli. Lakini mtu anaweza kuijua meli nati kwa nati asijue ina deni la nani.

Basi, jambo la kupita? Pampu, ndiyo, zinaweza kupita. Uwanja wenyewe na lile deni sikuahidi.

Kuhusu zile 2,400, usiziguse. Sina maelezo marefu hapo. Ulishafanya hivyo Desemba, ukaita nafasi. Ili urudi kwenye 9,000 zako bei lazima ifike peni 35 na ushee, maana yake ipande mara mbili na nusu kutoka ilipo. Inawezekana. Inawezekana kabla ya Agosti? Chombo hakijapatikana hata jina.

Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Zingekuwa pesa zako mwenyewe, ningekuambia vingine. Ningesema pengine weka nusu, kaa kimya, ngoja chombo kifike, maana bei ya sasa imeshabeba habari mbaya nyingi na wapo watu wenye akili wanaonunua mitambo ikiwa imeharibika. Lakini pesa hizi zina tarehe, Agosti, na zina wenyewe, watu wanne na mama yao. Ulizokabidhiwa ni amana. Mwenye amana haulizwi kama uwanja una mafuta ya miaka mingi. Anaulizwa kitu kimoja, kiko wapi nilichokupa.

Ulipenda urudishe kimya kimya. Hebu nikuulize, bei ingepanda hadi peni 80, ile faida ingekuwa ya nani? Najua utasema ya mama. Na Salim angekuuliza imetoka wapi, na ungelazimika kumwambia yale yale unayoogopa kumwambia leo. Siri hii ilikuwa na mwisho mmoja tu tangu Oktoba.

Anza na mumeo, leo, kabla hujalala. Huyo anakaa nyumba moja na wewe na ameshaona umekonda.

Kisha Salim. Usimwandikie ujumbe, na usingoje Ijumaa akupigie yeye, umpigie wewe Alhamisi jioni. Usianze na pampu. Ukianza na pampu utaongea nusu saa kuhusu Bahari ya Kaskazini na yeye atabaki anashangaa unamweleza nini. Mwambie hivi: "Kaka, nimefanya kosa katika pesa za mama. Pauni 9,000 nilizinunulia hisa bila kuwauliza. Leo zina thamani ya kama 3,500. Nataka niziuze Jumatatu, na pungufu ni deni langu mimi, si la familia." Halafu nyamaza. Atapandisha sauti, ana haki. Usimwambie kuhusu ile benki yenye taratibu kama kwamba haikusemwa. Mwambie kwamba ulidanganya. Baada yake mpigie dada wa Muscat na mdogo wa Leicester siku hiyo hiyo, wasije wakasikia kwa njia ya pembeni. Mama mwachie Salim ampange, na isiwe kwa spika ya simu mbele ya majirani.

Nasema uwaambie kwanza ndipo uuze, kwa sababu hata kuuza si uamuzi wako peke yako. Huenda dada yako wa Muscat akasema mimi fungu langu liache humo, niko radhi. Sawa, amechagua, andikeni. Wakikuachia wewe, Jumatatu asubuhi soko likifunguliwa uza zote, pesa zitakufikia baada ya siku mbili za kazi. Utakuwa na 3,584, pengine pungufu kidogo kwa ada na bei ya siku, ukijumlisha 2,400 ni karibu 6,000. Hizo ziende kwenye akaunti ambayo majina yake ni mawili na kutoa pesa ni kwa saini mbili. Wewe umeshaonyesha kwamba ukiwa peke yako na simu usiku huwezi, na hilo si tusi, wengi hatuwezi.

Pungufu ni 5,416. Wewe ni muuguzi, shifti za ziada zipo. Kwa pauni 300 kila mwezi utamaliza miezi 18, zibaki 16 za kununulia mama leso. Andika kwenye karatasi, piga picha, watumie wote watatu. Na ukishamaliza deni, ukiwa bado unauamini ule uwanja, nunua kwa pesa zako, kiasi ambacho kikipotea chote watoto wako hawatajua.

Kuhusu nyumba, msiisimamishe. Mwambie Salim akae na fundi wapange upya: msingi wa vyumba vyote vitano upigwe sasa wakati ardhi imekauka, zikitosha, kisha kuta na mabati ya vile viwili vya mama peke yake. Vya kupangisha vitangoja deni lako. Na dirisha la chumba chake cha kulala liwekwe upande wa kusi, mbali na jiko, wasijelipeleka uani kwenye moshi kama fundi wa Mtwapa wanavyopenda kufanya.